Hasheem Thabeet, chaguo la pili la 2009: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukikaa na watu wa kikapu Dar es Salaam, mazungumzo yakishakolea, haipiti nusu saa bila mtu kumtaja Hasheem, Mtanzania aliyeitwa wa pili kwenye drafti ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Wapo wanaomtetea kama ndugu yao wa damu, na wapo wanaocheka tu na kutikisa kichwa. Maswali ni yaleyale tangu 2009, na mimi nimeyajibu mpaka sauti imekauka, kwa hiyo nayaweka hapa yote. Msimamo wangu utauona njiani, sina haja ya kuuficha.

Hiyo drafti ni kitu gani hasa?

Siyo ile ya vizibo vya soda chini ya mwembe. Ni siku ambayo timu za NBA hugawana vijana wapya kwa zamu. Timu zilizofanya vibaya msimu uliopita hupata zamu za mbele, ila zile za mwanzo kabisa hupangwa kwa bahati nasibu ili watu wasijifungishe makusudi. Kijana hachagui aende wapi: anaitwa jina, anavaa kofia ya timu, anapeana mkono na kamishna, basi. Shabiki wa Simba au Yanga jambo hili humpa tabu, maana huku mwenye hela ndiye anayesajili. Kule aliyeshika mkia ndiye anayeanza kupakua.

Drafti tunayoizungumzia ilifanyika Madison Square Garden, New York, tarehe 25 Juni 2009. Kwetu ulikuwa usiku wa manane wa kuamkia tarehe 26. Clippers walikuwa na zamu ya kwanza wakamchukua Blake Griffin, na hakuna aliyeshtuka. Zamu ya pili ilikuwa ya Memphis Grizzlies. Wakamwita Hasheem Thabeet, kutoka Tanzania.

Alitokea wapi?

Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka kama 15 hivi. Kumbuka umri huo, tutaurudia mara nyingi. Baadaye akaenda Marekani, akasoma sekondari ya Cypress Christian huko Houston, kisha mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Urefu wake ni mita 2.21. Mlango wa kawaida wa nyumba zetu ana uwezo wa kuutazama kwa juu.

Chuoni alikuwa mzuri kweli, au sisi ndio tunamkuza kwa sababu ni wa kwetu?

Alikuwa mzuri kweli. Mwaka wake wa tatu na wa mwisho, msimu wa 2008/09, alipata wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 (mipira anayoiokota mtupo ukikosa) na bloku 4.2 (mitupo anayoizuia kwa mkono) kwa mechi. Alikuwa mlinzi bora wa kanda ya Big East, kundi la vyuo ambalo Connecticut walichezea, miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009, na mwaka huo wa mwisho akagawana tuzo ya mchezaji bora wa kanda na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Connecticut walifika nusu fainali ya taifa, wakatolewa na Michigan State. Kwa jumla ya bloku katika historia ya chuo hicho, aliyemzidi ni Emeka Okafor peke yake.

Halafu Big East ya wakati ule haikuwa ligi ya kupita tu. Anayesema Hasheem alibebwa na urefu mbele ya watoto wa shule, hakuziona mechi zile.

Dalili za mbele ya safari hazikuonekana?

Zilionekana, tena hadharani, na tena siku yake ya kuzaliwa. Tarehe 16 Februari 2009 Connecticut walikuwa namba moja Marekani nzima, wakawakaribisha Pittsburgh. DeJuan Blair alikuwa mfupi kwa Hasheem kwa zaidi ya sentimita 20. Walipogombea ribaundi mikono yao ikanasana, Blair akamvuta kwa begani, na yule mtu wa mita 2.21 akapaa juu ya mgongo wa mwenzake akaanguka chali sakafuni. Ukiitazama picha ile ya video utasema ni judo. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23, Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68.

Watu wengi wanaitazama kwa ajili ya kucheka lile anguko. Mimi huwa naangalia miguu. Kila Blair alipoweka kiuno chini na kusukuma, Hasheem alirudi nyuma hatua moja, kisha ya pili, mpaka akajikuta chini kabisa ya ringi, mahali ambapo ribaundi haikufikii hata uwe mrefu kama mnazi. Mwili wake ulikuwa juu lakini haukuwa na mzizi. Wanaoitwa maskauti, wasaka wachezaji wa timu, waliiona mechi hiyo kama tulivyoiona sisi.

Sasa Memphis waliona nini?

Waliona kitu kisichofundishika. Kocha atakufundisha kupiga, kukaba, kutoa pasi, lakini hatakurefusha. Na hesabu yao haikuwa ya kijinga: kijana amecheza kikapu miaka michache tu na tayari anaongoza kwa bloku kwenye kanda ngumu, mpe miaka mingine mitano atakuwaje? Hiyo ndiyo maana ya kuchagua kwa matarajio. Unanunua shamba ambalo halijalimwa.

Nisichowaelewa ni jambo moja. Memphis tayari walikuwa na senta kijana (senta ndiye mrefu wa chini ya ringi), Marc Gasol, aliyekuwa ametoka kumaliza mwaka wake wa kwanza. Kiangazi hichohicho wakamleta na Zach Randolph. Yaani walimnunulia shamba mkulima, halafu jembe wakampa mtu mwingine. Senta anayejifunza anahitaji dakika za kukosea, na nyuma ya Gasol na Randolph dakika hizo zingetoka wapi?

Ni kweli aliitwa kabla ya James Harden na Stephen Curry?

Ni kweli, na wote wawili wamekuja kuwa nyota wakubwa. Harden alikuwa wa tatu, akaenda Oklahoma City. Curry alikuwa wa saba, Golden State. DeMar DeRozan wa tisa, Jrue Holiday wa 17. Na Blair, yule wa judo, aliachwa mpaka namba 37, San Antonio wakamwokota.

Ila tuwe waungwana. Kwa Curry waliokosea ni wengi. Minnesota walikuwa na zamu ya tano na ya sita, wakachagua magadi, yaani wachezaji wepesi wa kuendesha mpira, wawili mfululizo, Ricky Rubio na Jonny Flynn, na wote wawili si Curry. Kama Memphis walipigwa, basi Minnesota walipigwa mara mbili kwa dakika kumi. Usiku ule hakukuwa na kelele za kumtaka Curry kwenye zamu ya pili. Kelele hizo zimetungwa baadaye na watu wenye kumbukumbu nzuri za mambo yaliyokwisha tokea.

Harden ndiye anayeuma. Alikuwa pale, zamu moja tu nyuma.

Nini hasa kilikwama alipofika NBA?

Hapa nitachukua nafasi, maana ndipo ubishi mwingi unapokosa miguu.

La kwanza ni sheria. Chuoni, mlinzi mrefu anaruhusiwa kusimama chini ya ringi muda wote akisubiri wageni. Kazi ya Hasheem pale Connecticut ilikuwa ya askari wa getini: wenzake wanawakaba watu pembeni, na anayepenya anakutana na mkono. NBA, tangu msimu wa 2001/02, ipo sheria ya sekunde tatu kwa mlinzi. Huruhusiwi kukaa katika lile eneo lililopakwa rangi zaidi ya sekunde tatu kama hujamkaba mtu kwa karibu. Lazima utoke, urudi, utoke tena. Askari wa getini anaambiwa alinde nyumba akiwa anatembea barabarani.

La pili ni skrini. Senta wa timu pinzani anakuja kumzuia gadi wenu, gadi wao anapita kwa kasi akiwa na mpira, na sasa wewe mwenye mita 2.21 uko mita saba kutoka kwenye ringi ukitazamana na mtu mwepesi kuliko wote uwanjani. Una nusu sekunde ya kuamua: umfuate, urudi nyuma, au usimame katikati? Aliyekulia kwenye mchezo anaamua kwa mwili, hafikirii. Aliyeanza na miaka 15 anafikiri kwanza, na akimaliza kufikiri mpira umeshaingia. Faulo nyingi za Hasheem zilizaliwa hapo. Alifika akiwa amechelewa kidogo tu, na mkono uliochelewa kidogo hupiga kiwiko badala ya mpira.

La tatu ni mikono. Hili njoo nikuonyeshe kwenye viwanja vyetu. Jumamosi jioni kwenye uwanja wa lami, mlete kijana mrefu anayejifunza, mtupie pasi chini ya ringi. Utaona anaipokea juu, vizuri kabisa, kisha anaushusha mpira hadi kiunoni ili ajipange kuruka. Mpira ukifika kiunoni, vijana wafupi wanne wanauvamia kama kuku kwenye punje. Kocha anapiga kelele, "Juu! Uache huko huko juu!" Kijana anaitikia kwa kichwa, na pasi inayofuata anaushusha tena. Tabia hiyo huondoka kwa kurudia mara elfu na elfu, na mara elfu hizo mtu huzimaliza akiwa na miaka 10 hadi 14. Hasheem alipokuwa na miaka 14 hakuwa ameanza.

Ukijumlisha hayo matatu unapata mwaka wake wa kwanza: mechi 68, dakika 13 kwa mechi, pointi 3.1, ribaundi 3.6, bloku 1.3.

Mbona bloku 1.3 kwa dakika 13 si haba?

Si haba hata kidogo. Mashabiki wanaomtetea hupenda kuzidisha: angecheza dakika 36 angekuwa na bloku 3 na nusu. Hesabu ni sahihi. Tatizo ni kwamba hakuweza kucheza hizo dakika 36, kwa sababu ya faulo na kwa sababu ya yale mambo ya skrini. Kuzidisha dakika za mchezaji wa benchi ni sawa na kusema mama ntilie aliyemaliza sahani kumi kwa saa moja atauza sahani 240 kwa siku.

Ile habari ya kushushwa ligi ya chini?

Februari 2010, hata mwaka haujaisha, Memphis walimpeleka Dakota Wizards katika ligi ya maendeleo, iliyokuwa ikiitwa D-League na leo ni G League. Hakuwahi kuwapo mchezaji wa zamu ya juu kiasi hicho aliyepelekwa huko kabla yake. Magazeti yalilichukulia kama maziko.

Mimi nililiona kama jambo la akili lililofanywa kwa kuchelewa na kwa aibu. Huko ndiko kwenye dakika. Angeanzia huko tangu Novemba, akacheza mechi 40 za kukosea bila kuzomewa, pengine leo tungezungumza vingine. Lakini namba 2 ni mzigo: ukimpeleka chini unakiri mbele ya watu kwamba umepigwa, na hakuna meneja anayependa kukiri.

Alikuwa mvivu?

Sijui wanaosema hivyo walikuwa mazoezi gani ya Memphis. Kwa macho ya televisheni mtu mrefu siku zote huonekana anakimbia polepole, kwa sababu hatua zake ni chache. Senta mvivu hachezi kikapu cha kulipwa mpaka baada ya miaka 30 ya umri wake katika mabara mawili. Tuhuma hii huwa naipita.

Aliuzwa kwa nani na nani?

Februari 2011 Memphis walimpeleka Houston pamoja na DeMarre Carroll na zamu ya raundi ya kwanza ya baadaye, wakampata Shane Battier. Machi 2012 Houston wakampeleka Portland pamoja na Jonny Flynn, wakampata Marcus Camby. Ndiyo, Flynn yuleyule wa zamu ya sita. Ndani ya miaka mitatu, wawili kati ya sita wa kwanza wa 2009 walikuwa chenji ya kumnunua mzee wa miaka 37.

Biashara ya Battier ina utamu wake kwa watu wa Memphis. Aprili 2011, mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya San Antonio waliokuwa vinara wa kanda, Battier alipiga pointi tatu mwishoni iliyoamua mechi, 101 kwa 98. Memphis walikuwa hawajawahi kushinda hata mechi moja ya mtoano katika historia yao, walikuwa wamefungwa zote 12. Wakaendelea wakawatoa San Antonio kabisa. Kwa njia ya kuzunguka, Hasheem aliwaletea Memphis ushindi wao wa kwanza wa mtoano.

Na Carroll? Naye alikuwa wa drafti ya 2009, Memphis, zamu ya 27. Walitemwa siku moja, katika karatasi moja. Carroll akahangaika timu mbili tatu, akatua Atlanta, akawa mchezaji wa kuanza katika kikosi kilichoshinda mechi 60 msimu wa 2014/15. Alipata nafasi ya kuhangaika kimyakimya. Nani anamzomea wa 27?

Oklahoma City alifanya nini?

Hapo ndipo alipocheza vizuri zaidi katika NBA, na hapo ndipo watu wengi walikuwa wameshaacha kumtazama. Alisaini Julai 2012. Msimu wa 2012/13 alicheza mechi 66 akiwa msaidizi wa senta Kendrick Perkins: anaingia dakika 11 hivi, anaweka skrini, anaziba njia, anatoka. Pointi 2.4, ribaundi 3.0. Kazi ndogo, lakini alijua anatakiwa kufanya nini. Timu ilishinda mechi 60.

Harden alikuwa bado Oklahoma City Hasheem alipofika, akauzwa Houston mwezi Oktoba, kabla ya msimu kuanza. Chaguo la pili na la tatu la 2009 walipishana mlangoni. Kisha kwenye mtoano wa 2013 Oklahoma City, waliompoteza nyota wao Russell Westbrook kwa goti, walitolewa na nani? Memphis, mechi nne kwa moja, wakiongozwa na Marc Gasol aliyekuwa mlinzi bora wa ligi mwaka huo.

Msimu uliofuata alipata mechi 23 tu, na hazikufuata nyingine. Jumla yake NBA ni mechi 224, wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7.

Kwa hiyo kipaji kilikuwepo au hakikuwepo?

Nitajibu kwa kumleta mtu mwingine. Mwaka 2013 kijana wa Kifaransa wa mita 2.16 aliitwa zamu ya 27, akaishia Utah. Mwaka wake wa kwanza alipata pointi 2.3 na ribaundi 3.4 kwa mechi, akapelekwa na D-League pia. Soma tena namba za mwaka wa kwanza wa Hasheem hapo juu: 3.1 na 3.6. Hasheem alianza vizuri kuliko yeye. Kijana huyo ni Rudy Gobert, na amekuwa mlinzi bora wa NBA mara nne.

Namleta Gobert kwa sababu mbili, na zinavutana. Kwanza, anavunja ile hoja kwamba zama za Curry, za kutupa kutoka mbali, ziliwaua warefu wa aina ya Hasheem. Hazikuwaua. Mrefu anayejua kurudi nyuma vizuri kwenye skrini bado ni dhahabu. Pili, anaonyesha kwamba mwaka wa kwanza mbovu si hukumu. Utah walimpa Gobert muda, na mwaka wake wa pili wakamfungulia njia kwa kumuuza senta aliyekuwa mbele yake. Memphis hawakuwa na haja ya kufungua njia, kwa sababu aliyekuwa mbele ya Hasheem alikuwa bora kuliko wote.

Lakini, na hapa wanaomtetea huninunia, Gobert alikuwa na mikono ya kupokea pasi akiwa mbioni na alikuwa na miguu ya kutoka na kurudi. Vitu hivyo vilionekana hata akiwa anapata pointi 2. Kwa Hasheem sikuviona mwaka wa kwanza, na wa nne vilikuwa vimekuja nusu. Naamini angepewa Utah yake angekuwa senta wa dakika 20 kwa miaka kumi, mtu wa kuziba ringi na kuheshimiwa. Nyota, hapana.

Na Mutombo? Si naye alichelewa kuanza?

Kila mtu alimlinganisha na Dikembe Mutombo, senta maarufu kutoka Kongo, tena Mutombo alikuwa amecheza mechi yake ya mwisho Aprili 2009, miezi miwili tu kabla ya drafti ile. Kiti kilionekana kiko wazi na mwenyewe anakuja. Ni kweli Mutombo naye aliuanza mchezo akiwa mkubwa. Ila aliingia NBA akiwa ametimiza miaka 25, mwili umekomaa, na Denver waliomchukua namba 4 mwaka 1991 walimkabidhi eneo la chini ya ringi tangu siku ya kwanza. Na sheria ya sekunde tatu kwa mlinzi haikuwepo. Hayo ni matatu ambayo Hasheem hakuyapata.

Mimi ningependa watu wamlinganishe na Bismack Biyombo, Mswahili mwenzetu wa Lubumbashi. Ni mfupi kwa Hasheem kwa kiganja kizima na zaidi, hana mtupo, na aliitwa namba 7 mwaka 2011. Amedumu NBA zaidi ya miaka kumi. Mtoano wa 2016 aliwahi kuokota ribaundi 26 katika mechi moja akiwa na Toronto dhidi ya Cleveland ya LeBron James. Biyombo anajua kitu kimoja, anakifanya kwa nguvu zake zote, na hasukumwi. Ukimweka kiunoni mwa Blair, Blair hamrushi.

Basi ni garasa au si garasa?

Garasa kwenye karata ni ile isiyo na thamani, unaitupa tu kufuata mchezo. Ukiuliza "zamu ya pili ya 2009 ilitumika vizuri?", jibu ni hapana, na hakuna ubishi. Hata mashabiki wa Memphis waliosamehe mambo mengi hilo hawajalisamehe. Lakini ukiuliza "Hasheem ni garasa?", nakataa. Namba 2 hakujipa mwenyewe. Angeitwa zamu ya 20 na timu isiyo na senta, leo tungemsimulia kama mtoto wa Dar aliyecheza NBA miaka mitano kwa jasho. Mechi zile zile 224, namba ile ile ya pointi, na hakuna ambaye angemzomea. Zamu ya pili imewahi kumwangukia Darko Milicic kabla ya Carmelo Anthony na Dwyane Wade mwaka 2003, na Sam Bowie kabla ya Michael Jordan mwaka 1984. Ni kiti chenye miiba.

Na kwa wale wa nyumbani wanaomcheka: waliowahi kufika huko kutoka kwetu mbele yake ni sifuri.

Baada ya NBA alipotelea wapi?

Hakupotea. Alicheza Japani, timu ya Yokohama B-Corsairs, msimu wa 2017/18. Alirudi Marekani kwa muda katika G League na Fort Wayne Mad Ants, kisha akaenda Taiwani, Hsinchu, ambako alikuwa tishio chini ya ringi kama zamani zile za Connecticut.

Mtoto wangu ni mrefu sana, nimpeleke kwenye kikapu?

Mpeleke, lakini mpeleke sasa, usisubiri afike mita mbili. Na ukifika uwanjani waambie wasimwite Hasheem. Nimeona hili mara nyingi: kijana mrefu anaingia geti kwa mara ya kwanza, hajagusa hata mpira, benchi zima linaangua, "Hasheem huyooo!" Basi kuanzia hapo anasimamishwa chini ya ringi akae kama nguzo, hafundishwi kudunda mpira wala kuhamisha miguu, kwa sababu "wewe kazi yako kuzuia". Mmoja nilimuuliza kwa nini hajaribu kudunda. Akanijibu kwa upole kabisa: "Kaka, wananifokea."

Nikitaka kumwona akiwa bora, nitafute mechi gani?

Usitafute za Memphis. Tafuta Connecticut na Syracuse, robo fainali ya Big East, Machi 2009, ile ya vipindi sita vya nyongeza. Ilianza tarehe 12 usiku ikaisha saa saba na dakika zake tarehe 13, Syracuse wakashinda 127 kwa 117. Hasheem yumo, anazuia, anaokota ribaundi, anadanki, anashika kiuno akihema kama wenzake wote. Gadi wa Syracuse anayekimbia mbele yake usiku mzima, dakika 67 uwanjani, ni Jonny Flynn. Na ukumbi ni Madison Square Garden, palepale atakaporudi miezi mitatu baadaye amevaa suti.